Binti wa miaka minane afungwe waya sasa, au tusubiri meno yaote yote?

Swali: Shikamoo daktari. Binti yangu ana miaka 8, yuko darasa la tatu. Meno yake mawili makubwa ya mbele juu yameota na mwanya mpana katikati, na jino la pembeni yake upande wa kulia limeota kwa ndani. Akiuma linaingia nyuma ya meno ya chini. Mwaka jana tulimng'oa gego moja la utoto la chini, lilikuwa limeoza na linamnyima usingizi. Kliniki moja imetushauri afungwe waya juu na chini mwezi huu huu, tulipe kwa awamu, na hesabu yake ni mamilioni. Mama mkwe wangu anasema meno ya mtoto hayachezewi mpaka yaote yote. Mdogo wake wa miaka 4 naye ananyonya kidole gumba mchana na usiku. Nimsikilize nani? Mama wa Tabata, Dar es Salaam.

Jibu:

Marahaba mama. Usilipe awamu ya kwanza bado, na pia usikae mpaka afike miaka 13. Katika uliyoandika kuna mambo mawili ambayo ningependa yaangaliwe ndani ya wiki chache zijazo: lile jino lililoingia ndani, na pengo la gego mlilong'oa. Mwanya unaweza kusubiri miaka kadhaa bila madhara. Waya wa juu na chini kwa umri huu, kwa maelezo haya, sioni kazi yake. Nitakufafanulia kwa urefu, maana nataka ukiingia kwa daktari ujue unauliza nini na jibu gani halitoshi.

Kwanza tazama kilichomo mdomoni mwa binti yako leo. Meno ya utoto ni 20. Akifika miaka 6 hivi, magego manne ya kwanza ya ukubwani huota nyuma kabisa, bila jino lolote kung'oka kuyapisha. Kisha meno manane ya mbele hubadilika moja baada ya jingine, kati ya miaka 6 na 9. Kwa hiyo mtoto wa umri wake ambaye hajang'olewa kitu huwa na meno kama 24: nusu ya ukubwani na nusu ya utoto. Ile nusu ya utoto, yaani chonge nne na magego manane, itaendelea kung'oka mpaka miaka 12 hivi. Chonge za juu huwa kati ya za mwisho, kwenye miaka 11 au 12, na magego ya pili ya ukubwani huja kwenye 12 au 13.

Ukifunga waya kamili sasa, unapanga nusu ya meno tu. Meno ya mbele yatanyooka, picha itapendeza, halafu miaka mitatu baadaye yataota magego madogo, zitashuka chonge, na mpangilio utabadilika tena. Mtoto atarudi kufungwa waya wa pili na wewe utalipa mara ya pili. Zaidi ya hapo, mzizi wa jino la ukubwani haukamiliki siku jino linapochomoza. Huhitaji takribani miaka mitatu zaidi. Na mtoto wa miaka 8 bado hajawa hodari wa kupiga mswaki kuzunguka vile vidude vinavyogandishwa kwenye meno. Uchafu ukikaa pale, ukifungua waya unakuta alama nyeupe za jino lililoanza kuoza, na alama hizo haziondoki kirahisi.

Najua kliniki nyingi hutaja umri wa miaka 7, na umri huo haukuzuliwa. Chama cha madaktari wa kupanga meno cha Marekani kinashauri mtoto aonwe kwa mara ya kwanza asipite miaka 7, kwa sababu magego ya kwanza na baadhi ya meno ya mbele yameshaota na daktari anaweza kuona taya linaelekea wapi. Lakini ushauri huo unahusu kuonwa. Watoto wengi wanaoonwa wakiwa na miaka 7 hurudi nyumbani bila kuwekewa chochote, wanapewa tarehe ya kuangaliwa tena baada ya miezi sita au mwaka. Hilo suala limechunguzwa vizuri kwa watoto ambao meno ya juu yametokeza mbele. Walioanza matibabu wakiwa na miaka 7 hadi 11, wakamalizia ujanani, walilinganishwa na waliosubiri wakatibiwa mara moja tu ujanani. Mwishoni matokeo yalikuwa karibu sawa. Tofauti ya maana ilikuwa moja: walioanza mapema walivunjika meno ya mbele kwa uchache zaidi. Kwa mtoto mwenye meno yaliyotokeza sana, anayeanguka kila wiki uwanjani shuleni, hiyo ni sababu nzuri ya kuanza mapema. Binti yako hayumo katika kundi hilo kwa jinsi ulivyomweleza.

Sasa mwanya. Meno mawili ya kati ya juu yakishaota, mara nyingi huachana na kuelekea nje kidogo. Ndani ya mfupa, chonge za ukubwani ziko juu zikishuka, na njiani zinabana mizizi ya meno ya pembeni. Zikifika mahali pake, meno husogeleana na mwanya mdogo, wa milimita 2 hivi, mara nyingi hujifunga wenyewe. Mwanya mpana zaidi ya huo unahitaji kuulizwa swali: je, kuna jino la ziada lililojificha mfupani kati ya hayo mawili? Je, ule ugwe wa nyama unaoshika mdomo wa juu umeshuka mpaka katikati ya meno? Picha moja ndogo ya eksirei hujibu la kwanza, na kuinua mdomo tu hujibu la pili. Hata ukikuta ugwe ni mnene, haukatwi akiwa na miaka 8. Husubiriwa chonge zishuke. Na hapa kwetu Pwani mwanya ni urembo. Huenda binti akikua akakataa kabisa mtu auguse, na ana haki hiyo.

Jino lililoingia ndani ndilo ningelipa uzito zaidi. Jino la juu linapofunga nyuma ya la chini, kila anapouma yale mawili yanagongana vibaya. La chini husukumwa nje, ufizi wake hushuka taratibu, na ncha za yote mawili husagika. Wakati mwingine mtoto hugundua kwamba akisogeza taya pembeni kidogo anakwepa kugongana, basi anafanya hivyo kila akifunga mdomo. Taya linalokua likiwa limesogea hivyo kwa miaka linaweza kukua kwa upande. Unaweza kulitazama nyumbani jioni: mkalishe mbele yako kwenye mwanga, mwambie afunge meno polepole sana, uangalie kidevu. Kikinyooka mpaka mwisho, vizuri. Meno yakigusana kwanza halafu kidevu kikaruka kulia, kushoto au mbele, mwambie daktari hivyo hivyo ulivyoona. Ni habari muhimu kwake.

Matibabu yake si makubwa. Kama nafasi ipo, hutengenezewa pleti ya kuvaa na kuvua yenye springi ndogo inayolisukuma jino nje, au hugandishiwa vidude kwenye meno manne ya mbele na magego mawili tu kwa miezi michache. Jino likishavuka na kukaa mbele ya la chini, lile la chini lenyewe hulizuia lisirudi. Hii ndiyo kazi ya mapema yenye faida ya wazi: fupi, ya meno machache, na mwisho wake unajulikana. Huenda daktari wa kliniki ile aliliona jino hili na ndilo lililomfanya apendekeze waya. Muulize moja kwa moja: je, tunaweza kutibu hili peke yake sasa, mengine tukayaacha mpaka meno yabadilike?

Hali ni tofauti kama si jino moja bali meno yote manne ya mbele ya juu yamefunga kwa ndani. Hapo tatizo linaweza kuwa la mataya: la juu limekuwa dogo au la chini limetangulia, na mara nyingi ukiuliza utasikia baba au babu alikuwa hivyo. Taya la juu likiwa nyuma, kuna kifaa cha kuvaa usoni kinacholivuta mbele, na hufanya kazi vizuri zaidi kabla ya miaka 10 hivi. Kwa mtoto kama huyo, kusema tungoje yaote yote humfungia mlango. Vivyo hivyo taya la juu likiwa jembamba mpaka magego yanafunga kwa ndani: mfupa wa kaakaa una mshono katikati, na kwa mtoto mshono huo hutanuliwa kwa kifaa bila upasuaji. Kwa mtu mzima unakuwa umeshikana sana.

Nije kwenye gego mlilong'oa, maana hapa wazazi wengi wa Dar huambiwa kitu kimoja: la utoto hilo, lingetoka tu. Lingetoka, ndiyo, lakini lilitakiwa kutoka akiwa na miaka 9 hadi 12. Kwa miaka yote hiyo gego la utoto linamshikia nafasi mwenzake aliye chini yake mfupani. Likiondoka akiwa na miaka 7, pengo halikai wazi. Ni kama kiti kwenye daladala ya Gongo la Mboto saa kumi na mbili jioni. Gego la miaka 6 lililo nyuma husogea mbele na kuinama, na nafasi nyingi hupotea katika miezi ya mwanzo. Jino la ukubwani likifika halikuti pa kupita, linaota kwa ndani upande wa ulimi, au linabaki limekwama. Nimeona watoto wengi wa miaka 12 wenye meno yaliyobanana ambao ukifuatilia historia yao unakuta mbano ulianzia kwenye gego la utoto lililong'olewa mapema na kuachwa hivyo.

Kwa hiyo kumbuka lilikuwa gego lipi. Kama lilikuwa la pili, lile la nyuma lililokuwa likigusana na gego la miaka 6, pengo lake ndilo la hatari. Kama lilikuwa la kwanza, lililo jirani na chonge, hatari ni ndogo ingawa ipo. Daktari atapima pengo, atalilinganisha na upande wa pili, na kwa eksirei ataona jino la chini yake limefikia wapi. Kama nafasi bado ipo, atamwekea pete ya chuma kwenye gego yenye kitanzi cha waya kinachozuia pengo lisizibe. Ni kifaa kidogo, hakiumi, na hutolewa jino likianza kuchomoza. Kama nafasi imeshapungua, kuna njia za kulirudisha gego nyuma kidogo, na ni rahisi zaidi sasa kuliko akiwa na miaka 14. Kifaa hicho kingeweza kupangwa siku ileile ya kung'oa, na ninasikitika kila ninapoona mzazi hakuambiwa. Gego la utoto lililooza, likiwahiwa, linazibwa, au hutibiwa mzizi na kuvikwa kofia ya chuma, linaendelea kukaa mpaka wakati wake. Kung'oa kuwe njia ya mwisho, na swali la nafasi liulizwe hapohapo kitini.

Mchunguze leo hii na magego yake ya miaka 6, yaliyo nyuma kabisa. Kwa sababu hakuna jino lililong'oka kuyapisha, wazazi wengi hudhani ni ya utoto, wanayaacha yaoze. Hayo hayana mbadala. Mtoto akipoteza moja, mpangilio wa upande mzima huyumba. Mswaki wenye dawa ya madini ya floraidi asubuhi na kabla ya kulala, na wewe mwenyewe umalizie kule nyuma kwa mkono wako, maana mtoto wa miaka 8 hufika mbele tu. Lambalamba, ubuyu, soda na juisi za boksi zisiwe za kutafunwa na kunywewa siku nzima. Mpe pamoja na mlo, kisha maji.

Wasiwasi wako kwamba meno yake hayako kama ya watoto wengine ungepungua ungewaona darasa lake zima. Utafiti uliofanywa kwa wanafunzi wa miaka 12 hadi 14 wa Kinondoni na Temeke, uliochapishwa 2009, ulikuta karibu theluthi mbili wana aina fulani ya kasoro ya mpangilio. Nyingi kati ya kasoro hizo ni ndogo na mtu huishi nazo akila na kucheka vizuri. Ndiyo maana orodha ya mambo yasiyosubiri ni fupi, na nyingine ninazoweza kuongeza juu ya nilizokwisha kutaja ni mbili. Moja ni mtoto anayelala mdomo wazi na kukoroma kila usiku; huyo aanze kwa daktari wa masikio, pua na koo, kwani huenda ana nyama za pua, na waya hautamsaidia kama hapati hewa puani.

Nyingine ni chonge za juu, na hii utaikumbuka binti akifika miaka 10. Pitisha kidole juu ya ufizi, kwa nje, juu ya chonge ya utoto. Unatakiwa usikie kinundu kigumu kila upande. Usipokisikia, au kikiwa upande mmoja tu, mpeleke. Chonge iliyopotea njia kuelekea kaakaani mara nyingi hurudi kwenye njia yake kwa kung'oa tu chonge ya utoto mapema. Katika utafiti wa Sweden wa 1988 kwa watoto wa miaka 10 hadi 13, chonge 36 kati ya 46 zilirudi. Ukichelewa, kazi hiyohiyo inageuka kuwa upasuaji na kuvuta jino kwa waya kwa muda mrefu.

Nikiwa kwenye chonge siwezi kunyamaza kuhusu "meno ya plastiki". Bado wapo watoto wachanga wanaokatwa fizi kwa sababu wana homa au wanaharisha, na mzazi anaonyeshwa kitu cheupe laini kama ushahidi. Kile ni kichipukizi cha chonge ya utoto ambacho hakijakomaa. Hakisababishi homa wala kuharisha. Anayekitoa huacha jeraha, mara nyingi kwa chombo kichafu, na wapo watoto waliokufa kwa kutoka damu au kwa maambukizi. Wanaopona, chonge ya ukubwani inayotengenezwa palepale inaweza kuota imeharibika, imepinda, au isiote kabisa. Ukisikia mtu mtaani anashauriwa hivyo, mwambie ampeleke mtoto zahanati akatibiwe homa na kuharisha.

Wa kumwona ni daktari bingwa wa kupanga meno, na hata daktari wa kawaida wa meno anaweza kuanza naye na kukupa rufaa. Kwenu Tabata, Amana ni karibu kwa uchunguzi na kuziba; kwa bingwa, Muhimbili, ambako pia Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi kinafundisha madaktari wa meno, na hapo utaonwa chini ya usimamizi wa wakufunzi. Kliniki binafsi zenye mabingwa pia zipo mjini. Popote utakapokwenda, anayetibu awe amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na usione aibu kuuliza. Kama una bima, uliza kabla ya kuanza ni kipi inalipia, kwa sababu kuziba na kung'oa hushughulikiwa tofauti na kupanga meno.

Ukifika, omba akueleze tatizo ni lipi kwa jino na kwa jina, litakuwaje likiachwa mwaka mmoja, na matibabu ya sasa yatamwondolea nini baadaye. Omba bei ya hatua ya sasa peke yake, tofauti na ile ya waya wa ujanani. Uliza atarudi kila baada ya wiki ngapi, kwa sababu kifaa kisichofuatiliwa huharibu badala ya kutengeneza, na nauli na foleni za kutoka Tabata ni sehemu ya gharama. Daktari asiyepiga picha wala kupima, anayekutaka ulipe leo kwa sababu ofa inaisha, mwache. Chukua nakala ya eksirei uondoke nayo. Ni yako, na daktari wa pili ataihitaji.

Imebaki habari ya mdogo wake. Miaka 4 si umri wa kuogopa. Watoto wengi huacha kidole wenyewe, na hata kama meno ya utoto yameshaachana mbele kiasi kwamba akiuma ulimi unaonekana, uwazi huo mara nyingi hupungua wenyewe kidole kikiachwa kabla ya meno ya mbele ya ukubwani kuota. Kinachoharibu zaidi ni muda. Anayenyonya usingizi mzima hujidhuru kuliko anayenyonya dakika chache akiwa na usingizi. Usimpake pilipili wala shubiri, na dada wa kazi naye asimchape wala kumwita mtoto mchanga mbele ya wenzake, kwa sababu wengi hunyonya kidole wakiwa na hofu au wamechoka, na hofu ikizidi kidole kinarudi. Tazama ni saa ngapi anakitafuta. Kama ni mbele ya televisheni, mpe kitu cha kushika mikononi. Kama ni kitandani, mvishe soksi mkononi baada ya kukubaliana naye mwenyewe, na msifu kila asubuhi anayoamka nayo. Akikaribia miaka 6 na kidole bado kiko mdomoni, mlete naye siku dada yake anapokuja kuangaliwa.